Kodi ya Fremu: Je, Svelte Yastahili Kujifunzwa?

*Kila baada ya muda huzuka fremuweki mpya ya kutengenezea tovuti, na vijana wa fani hiyo huulizana kama wahamie huko au wabaki walipo. Mwandishi wetu alitumwa kulifuatilia swali hilo, akaanzia katika chumba cha ghorofani huko Magomeni.*

Jioni ya Ijumaa moja, katika chumba kilicho juu ya duka la vitenge huko Magomeni, Dar es Salaam, ambamo feni ilikuwa ikizunguka kwa kusitasita kama isiyokuwa na hakika ya umeme wake, mama mmoja, mwenyekiti wa chama cha kuweka na kukopa, aliitoa mkobani simu yake iliyopasuka kioo pembeni, akaiweka mezani baina ya mafundi wawili wa tovuti, na akasema neno moja tu: "Haifunguki."

Kilichokataa kufunguka ni tovuti ya akiba za wanachama wake. Katika kompyuta ya fundi aliyeitengeneza ilikuwa ikitokea kufumba na kufumbua, lakini katika simu ya mama yule haikuonyesha ila kiduara cheupe kinachozunguka, na kila kilipozunguka bando lake lilipungua.

Fundi mdogo, binti aliyemaliza chuo mwaka jana, alidakia kabla mwenzake hajasema. "Kaka, dawa hapa ni kuandika kodi upya kwa Svelte. Itakuwa nyepesi, hata simu hii itaifungua."

Fundi mkubwa, ambaye amekaa katika fani hii miaka kumi na zaidi, na ambaye ndiye aliyeiandika tovuti ile kwa fremuweki ya React, hakuinua kichwa. "Nyepesi, nakubali, mdogo wangu. Lakini wewe ukipata ajira kwingine, nani ataishika?"

Mama akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kodi ipi tena, wanangu? Ya fremu nimeshalipa ya miezi sita."

Tulicheka sote, naye akacheka alipoelezwa kwamba kodi katika lugha ya mafundi hawa si ijara ya duka, bali ni yale maandishi ambayo kompyuta huyasoma na kuyatii. Walakini kicheko kilipokwisha mimi nilibaki na neno lake.

Mhariri alikuwa amenituma niulize kama fremuweki mpya ya tovuti yafaa kujifunzwa. Na kwa kuwa mjini Dar es Salaam fremu ni chumba cha duka kinachopangishwa kando ya barabara, nikaona kwamba mama huyu, pasipo kukusudia, alikuwa ameliweka swali langu mahali pake kuliko nilivyoliweka mimi. Fremuweki ni nyumba ya kupanga, na mpangaji mwenye akili hatazami rangi ya ukuta pekee, bali huuliza mwenye nyumba ni nani, mkataba wasema nini, na siku ya kuhama ataondoka na nini.

Kuta zilizokwisha jengwa

Kivinjari cha simu au cha kompyuta huujenga ukurasa kwa lugha tatu: HTML, ambayo huupa mifupa yake; CSS, ambayo huuvika nguo; na JavaScript, ambayo huutia mwendo. Hii ya tatu iliandikwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwezi Mei 1995, kwa muda wa siku kumi, na ulimwengu umekuwa ukiishi na matokeo ya haraka ile tangu hapo.

Chukua tovuti ya chama cha mama yule. Mwanachama akiweka shilingi elfu hamsini, salio lake halina budi kubadilika juu ya ukurasa, jumla ya chama ibadilike chini yake, nguzo ya mwezi huu katika mchoro ipande, na kitufe cha kuombea mkopo, ambacho kilikuwa kimefungwa, kifunguke. Kuyalinganisha mambo hayo manne kwa mkono, kila moja kwa amri yake, kwawezekana katika ukurasa mmoja. Katika kurasa mia ni adha isiyokwisha, maana fundi akisahau moja, mwanachama ataona salio jipya na jumla ya zamani, na katika chama cha fedha dosari kama hiyo hutosha kuvunja kikao.

Mwaka 2006 Mmarekani John Resig alitoa jQuery, iliyofupisha amri hizo na kuzificha tofauti zilizokuwako baina ya kivinjari na kivinjari, lakini ulinganifu wenyewe ulibaki mikononi mwa fundi. Fremuweki zilizofuata ndizo zilizouchukua mzigo huo: fundi hutamka hali ilivyo, yaani salio ni kiasi gani, nayo fremuweki hujipa jukumu la kuhakikisha kwamba kila palipo na salio pameandikwa hivyo.

Wahifadhi wa lugha wangependa tuiite kiunzi, na ni neno zuri. Lakini mafundi husema fremuweki, nami nitawafuata wao kwa kuwa ndio wanaoilipia kodi.

Mwenye nyumba akibomoa

Mwaka 2010 ilitoka AngularJS, iliyoanzishwa na Miško Hevery na kulelewa na kampuni ya Google, na haukupita muda ikawa ndio mtaa wenye biashara. Waliojifunza walipata kazi, waliopata kazi wakawafundisha wengine, vitabu vikaandikwa, na kampuni kubwa kwa ndogo zikajenga juu yake kwa imani kwamba mwenye nyumba ni tajiri na hawezi kuhama mji.

Mwezi Oktoba 2014, katika mkutano uliofanyika Paris, wakuu wa AngularJS walisimama mbele ya mafundi waliokuwa wamewaendea kwa mapenzi, wakawatangazia kwamba toleo la pili halitakuwa ukarabati wa lile la kwanza bali jengo jingine kabisa. Na vitu ambavyo watu wale walikuwa wametumia miaka kuvizoea vikaonyeshwa mbele yao kimoja baada ya kimoja kama vilivyokwisha fariki. Ghadhabu iliyofuata ilikuwa kubwa. Jengo jipya lilifunguliwa Septemba 2016, na lile la zamani likaendelea kuzibwa nyufa mpaka mwisho wa mwaka 2021, ndipo likaachwa kwa mvua.

Sipendi kuwadhulumu wenye nyumba ile. Miaka saba tangu tangazo hadi kufungwa si notisi ya wiki moja, na ngazi ya kuhamia jengo jipya hatimaye ilitengenezwa. Hata hivyo, mtu aliyekuwa amejifunza AngularJS peke yake, asiijue JavaScript iliyo chini yake, alijikuta barabarani na funguo za mlango usiokuwapo. Ilhali jirani yake aliyeijua JavaScript alihama na bidhaa zake zote, akapoteza rafu tu.

> Aliyeijua JavaScript alihama na bidhaa zake zote, akapoteza rafu tu.

Si Google peke yao. Vue, iliyotolewa mwaka 2014 na Evan You baada ya kufanya kazi hukohuko Google, nayo ililiaga toleo lake la pili tarehe 31 Desemba 2023. Kila fremu ina siku yake.

Sharti lililokuwa katika mkataba

React ilianzia ndani ya Facebook, kwa mikono ya Jordan Walke, na ikatolewa kwa watu wote Mei 2013. Mafundi wengi waliipokea kwa kejeli, kwa kuwa iliichanganya HTML ndani ya JavaScript wakati ambapo kila mwalimu wa fani alikuwa akihimiza vitu hivyo vitengwe. Kejeli hazikudumu. Leo React ndiyo soko lenyewe, na tangazo la kazi ya kutengeneza tovuti lisiloitaja humshangaza msomaji wake.

Lakini miaka minne baada ya kutolewa kwake wapangaji waliusoma mkataba kwa makini. Leseni ya React ilikuwa na kifungu cha hataza kilichosema, kwa ufupi wake, kwamba atakayeishtaki Facebook kwa madai ya hataza atapoteza haki aliyopewa juu ya hataza zinazoihusu React. Mwezi Julai 2017 taasisi ya Apache Software Foundation ilikataza kifungu kile kisiingie katika miradi yake. Na Septemba mwaka huohuo Matt Mullenweg, mmoja wa waasisi wa WordPress, akatangaza kwamba wataihama React.

Basi hapo ndipo ilipoonekana nguvu ya mpangaji mkubwa. WordPress, ambayo huendesha tovuti nyingi duniani kuliko mfumo mwingine wowote wa aina yake, ilikuwa imetishia kuondoka, na katika muda wa siku kama kumi hivi Facebook ikakifuta kifungu, ikaitoa React chini ya leseni ya MIT, ambayo masharti yake hayajazi ukurasa mmoja: tumia, badilisha, uza ukipenda, mradi usilifute jina la mwenye kazi. WordPress haikuhama.

Nimeisimulia kadhia hii kwa urefu kwa sababu wafundishao fremuweki aghalabu hawaigusi. Kijana hufundishwa kupaka rangi na kupanga bidhaa, hafundishwi kuusoma mkataba. Mwezi Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba React itakabidhiwa kwa taasisi ya React Foundation, chini ya Linux Foundation. Na msomaji wa Pwani, ambaye ameona misikiti na visima vikiwekwa wakfu ili asitokee mrithi mmoja wa kuviuza, hatahitaji kuelezwa sana maana ya hatua hiyo.

Mtoto wa chumba cha habari

Hapa naomba niruhusiwe majivuno kidogo ya kazi yangu. Nilipoanza kuuliza habari za Svelte sikutazamia kukutana na gazeti, nami nikakutana nalo mara mbili.

La kwanza ni Lawrence Journal-World, gazeti la mji mdogo wa Lawrence katika jimbo la Kansas, Marekani, ambako mwaka 2003 Adrian Holovaty na Simon Willison, waliokuwa wakiitunza tovuti ya gazeti hilo chini ya shinikizo la mhariri anayetaka kitu leo wala si kesho, waliunda Django, fremuweki ya upande wa seva iliyopewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2005, na wapenzi wake wa Afrika walifanya kongamano lao la kwanza Zanzibar, Novemba 2023.

La pili ni The Guardian. Rich Harris alikuwa akitengeneza michoro na ramani za habari kwa ajili ya gazeti hilo, vile vitu ambavyo msomaji huvigusa kwa kidole vikambadilikia, na humo alikwisha kuunda fremuweki ya mwanzo iitwayo Ractive. Mwezi Novemba 2016 akatoa Svelte, neno ambalo kwa Kiingereza husemwa juu ya mtu mwembamba wa kupendeza. Baadaye alihamia The New York Times, na fremuweki yake ikaenda naye.

Asili hiyo ndiyo inayoieleza Svelte kuliko sifa zake zote. Mteja wa benki atangoja ukurasa ufunguke kwa kuwa fedha zake zimo humo. Msomaji wa gazeti hangoji. Ametoka kusoma habari moja, anaelekea nyingine, yumo garini, simu yake si mpya, na mchoro usiofunguka hukutana na kidole kinachopita. Mtu anayeitengenezea hadhira ya namna hiyo hujifunza kuhesabu kila kilobaiti.

Seremala na sanduku lake

Jinsi Svelte inavyopunguza uzito yaweza kuelezwa kwa mfano wa maseremala wa Keko, mjini Dar es Salaam. Chukulia kwamba umeagiza kitanda. Seremala wa kwanza anakileta nyumbani kwako kikiwa mbao, pamoja na sanduku la randa, misumeno na nyundo, akakiunga sebuleni mwako, kisha akaliacha sanduku humo humo ili kila utakapobadilisha godoro apate kukitengeneza tena. Huyo ni React. Hutunza kumbukumbuni nakala ya ukurasa, kama kivuli chake; hali inapobadilika hutengeneza kivuli kipya, hukilinganisha na kile cha kwanza, kisha hugusa palipotofautiana. Kazi yote hiyo hufanywa ndani ya simu ya msomaji, na kwa gharama ya betri yake.

Seremala wa pili hukimaliza kitanda karakanani. Svelte ni kompaila, yaani programu inayoyasoma maandishi ya fundi kabla hayajatoka katika kompyuta yake na kuyageuza kuwa JavaScript iliyokwisha kujua ni mahali gani pataguswa salio litakapobadilika. Kinachofika kwa msomaji ni kitanda na bisibisi moja.

Sanduku la React, pamoja na sehemu yake inayougusa ukurasa, lina kilobaiti zipatazo 40 baada ya kubanwa; bisibisi ya Svelte ni sehemu ndogo tu ya uzito huo. Adili yanitaka niseme pia kwamba kila kitanda cha Svelte hubeba misumari yake chenyewe, hata ikawa kwamba katika tovuti kubwa yenye mamia ya sehemu, tofauti ile hupungua.

Na mwenye nyumba? Leseni ya Svelte ni MIT. Tangu Novemba 2021 Harris ameajiriwa na Vercel, kampuni inayouza huduma ya kuhifadhi tovuti na ambayo ndiyo inayotengeneza Next.js, fremuweki iliyojengwa juu ya React. Mwashi mkuu wa Svelte, basi, hulipwa mshahara na tajiri ambaye maghorofa yake mengi yako mtaa wa pili. Leseni haimruhusu mtu kukunyang'anya toleo ulilonalo. Lakini mwenye kupanga na alijue hilo.

"Nani ataishika?"

Swali la fundi mkubwa halikuwa la inda. Katika uchunguzi wa mwaka 2024 wa Stack Overflow, ambao huwauliza makumi ya maelfu ya wanaprogramu wa nchi nyingi, karibu 4 katika kila 10 walisema wanatumia React, ilhali wa Svelte hawakufika 7 katika kila 100. jQuery, ambayo vijana huicheka kama koti la babu, ilikuwa bado na mtu mmoja katika kila watano.

Kwa chama cha akiba kisicho na fundi wake wa kudumu hesabu hiyo ni nzito kuliko kilobaiti. Fundi akiondoka, akiugua, au akigombana na mwenyekiti, atatafutwa mwingine, na mtaani wa React hupatikana kwa kuulizia mara moja. "Sikatai uzuri wake," alisema fundi mkubwa. "Mimi nafikiria usiku ule ambao tovuti imelala, mama anapiga simu, na mimi niko Mbeya kwenye msiba."

Zaidi ya hayo, Svelte nayo imebomoa na kujenga. Toleo la tatu, la Aprili 2019, lilibadilisha sana namna ya kuandika. Na toleo la tano, la Oktoba 2024, likaleta alama mpya za kutangazia hali ya ukurasa, zikawapendeza waliokuwa na miradi mikubwa na kuwaudhi waliokuwa wameipenda Svelte kwa kutokuwa na alama. Maandishi ya zamani yaliendelea kukubaliwa, kwa hiyo halikuwa tukio la Paris. Lakini aliyejifunza mwaka 2020 amelazimika kurudi darasani.

Hoja nyingine ni ya siku hizi. Vijana wengi huandika kodi wakisaidiwa na akili mnemba, nayo hujua zaidi kile ilichokisoma zaidi. Ukiiagiza React hutiririka. Ukiiagiza Svelte mara nyingine hukuchanganyia toleo la nne na la tano katika ukurasa mmoja, nawe usipokuwa mjuzi hutatambua.

Jibu la binti

Binti alikuwa na jibu ambalo sikulitarajia, kwa kuwa halikuhusu uzito wala mishahara. Alisema kwamba chuoni alijifunza React moja kwa moja, akafaulu, akapewa cheti, na siku ya kwanza ya kazi alipoambiwa atengeneze kitufe katika ukurasa usio na React alikaa nusu saa bila kuandika kitu, kwa kuwa hakuweza kutofautisha kipi alichokijua ni cha React na kipi ni cha JavaScript.

"Nilipofungua Svelte, kaka yangu mwandishi, niliona HTML ni HTML," alisema. "Mtindo uko mahali pake, kodi iko mahali pake. Ndipo nikarudi kuisoma JavaScript kwa aibu."

Naliona jibu hilo ni zito kuliko yote niliyoyasikia kwa upande wake. Faili moja ya Svelte huyaweka mambo matatu ya ukurasa karibu na sura zake za asili, na mtu anayeiacha, aghalabu, huondoka na maarifa ambayo kivinjari chenyewe huyaelewa. Katika uchunguzi ule ule wa 2024, miongoni mwa waliokuwa wameitumia Svelte zaidi ya 7 katika kila 10 walitaka kuendelea nayo, na kwa upande wa React uwiano wa waliosema hivyo ulikuwa mdogo kuliko huo. Mapenzi ya wachache, bila shaka, ni rahisi kuliko ya wengi. Walioshurutishwa na mwajiri hawamo humo.

Wako pia wasemao kwamba mabishano yote haya hayana maana kwa tovuti ya chama cha akiba. Seva iandike HTML iliyokamilika, kwa Django au kwa Laravel, ile fremuweki ya PHP iliyotolewa na Taylor Otwell mwaka 2011 na ambayo hapa kwetu ina wenyeji wengi, na simu ipokee ukurasa ulio tayari. Sina la kuwapinga, ila kwamba mteja akishaona mchoro unaocheza kwa jirani, atautaka.

> "Ndipo nikarudi kuisoma JavaScript kwa aibu."

Picha ya waasisi

Turudi Magomeni, maana mama alikuwa angali ameketi.

Mafundi waliifungua tovuti katika kompyuta, wakatazama kitu kimoja kimoja kilivyokuwa kikisafiri kwenda katika simu, na uzito wa kila kimoja. React yenyewe haikuwa mkosaji mkuu. Juu kabisa ya orodha palikuwa na picha ya waasisi wa chama, wamesimama mbele ya jengo siku ya uzinduzi, iliyopakiwa kama ilivyotoka katika kamera: megabaiti nne. Baada yake ikafuata programu ya kuchorea michoro ya kila namna, ilhali tovuti ilikuwa na mchoro mmoja wa nguzo sita. Kisha aina tano za herufi, ambazo mbili hazikutumika popote.

Palitokea kimya. Fundi mkubwa alikohoa, kisha akasema kwamba picha aliipokea usiku wa kuamkia uzinduzi wa tovuti.

Si yeye peke yake. Vipimo vya mradi wa HTTP Archive vya mwaka 2024 vyaonyesha kwamba ukurasa wa wastani unaofunguliwa kwa simu hubeba zaidi ya kilobaiti 500 za JavaScript pekee, kabla ya picha. Kilobaiti 40 za React zimo ndani ya mzigo huo kama mzigo wa mtoto katika lori la mahindi, na anayedhani kwamba kwa kubadilisha fremuweki lori litakuwa baiskeli atahamisha duka lake zima, alipe kodi mpya, na picha ya waasisi ahame nayo.

Picha ilipobanwa na herufi zikapunguzwa, tovuti ilifunguka katika simu yenye ufa. Ilifunguka polepole, lakini ilifunguka, na mama akalitazama salio lake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ile programu ya michoro iliondolewa siku chache baadaye. Mchoro wa nguzo sita aliuandika binti kwa Svelte kama kipande kinachojitegemea, na fundi mkubwa akaukubali kwa sharti kwamba amweleze jinsi ulivyoandikwa, mstari kwa mstari, siku ambayo yeye hatakuwa na safari.

Rai yangu ni hii. Asiyeijua JavaScript asiiguse Svelte wala nyingine yoyote kwa sasa, kwa kuwa atakuwa anapanga fremu ilhali hana bidhaa za kuweka. Anayetafuta mshahara mwaka huu na aisome React, au Laravel ikiwa wateja wake ni ofisi ndogo, wala asione haya kufuata soko lilipo. Ama yule ambaye kazi anayo, na JavaScript anaijua kiasi cha kuweza kuigombeza, huyo Svelte yamfaa, na mwezi mmoja wa jioni zake hautapotea hata kama hatalipwa kwa ajili yake shilingi moja.

Mafunzo yake yamo katika tovuti ya Svelte yenyewe, hayana malipo, na hufanywa ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu.